Bomba Lipitalo Chini ya Ardhi, na Mafundi Walitunzao

Mtu achukuaye mzigo kichwani hula njiani. Safari ikiwa ya siku moja chakula chake ni kidogo. Ikiwa ya siku thelathini hula sana, na arudipo mikono mitupu hula tena. Lori la mafuta lina tabia iyo hiyo. Hupakia petroli bandarini, huchoma mafuta njia nzima, na likiisha kushusha hurudi tupu huku likichoma mengine, nalo huila barabara. Bomba halina tabia hiyo. Lenyewe halisafiri, hulala pale lilipolazwa, na mzigo ndio utembeao ndani yake, usiku na mchana, masika na kiangazi, wala hapana kitu kirudicho kitupu. Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi bomba la namna hiyo lifanyavyo kazi, jinsi lilazwavyo, na ni mafundi gani watakiwao, kwani vijana wengi huisikia kazi hii ikitajwa, na wengi wao hudhani kwamba ni kazi ya kuchimba mtaro tu.

Jambo lenyewe si geni. Mwenye nyumba awekaye mlizamu ukingoni mwa paa amekwisha kufahamu nusu ya elimu hii. Huko Sichuan, katika nchi ya China, watu walipitisha maji ya chumvi na hata gesi ndani ya mianzi iliyotobolewa vifundo vyake, karne nyingi kabla ya mabomba ya chuma. Lakini bomba la mafuta kama tulijualo leo lilianza Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, mwaka 1865. Mtu mmoja aitwaye Samuel Van Syckel alilaza bomba lenye kipenyo cha inchi 2, urefu wake maili 5 hivi, kutoka visima vya Pithole mpaka kwenye reli. Kabla yake mafuta yalitiwa katika mapipa na kuchukuliwa kwa magari ya farasi, na wenye magari walitoza kadiri walivyopenda. Walipoona mafuta yakipita chini ya miguu yao walilifukua bomba na kulikata, hata ikawa lazima kuweka walinzi wenye silaha. Twaitaja habari hiyo kwa makusudi. Bomba, tangu siku ya kwanza, limewapa watu wengine kazi na kuwanyang'anya wengine, na mtu akuelezaye upande mmoja tu hakukueleza.

Katika nchi zetu bomba refu la kwanza la mafuta lilizaliwa kwa dhiki. Mwezi wa Novemba mwaka 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru wake yenyewe, na Zambia, ambayo mafuta yake yalikuwa yakipitia huko, ikaona mlango umefungwa. Malori yakaanza kubeba mafuta kutoka Dar es Salaam katika barabara ya udongo, na wakati wa mvua magari yalizama na kupinduka kwa wingi hata madereva wakaiita barabara ile njia ya Jehanamu. Basi likalazwa bomba kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, urefu wake kilometa 1,710, likafunguliwa mwaka 1968. Jina lake ni TAZAMA, yaani Tanzania Zambia Mafuta. Zambia ina theluthi mbili, Tanzania theluthi moja. Kwa miaka mingi lilipeleka mafuta ghafi kusafishwa Ndola, kisha mwaka 2023 likageuzwa kuchukua dizeli.

Sasa natutazame jinsi mafuta yanavyokwenda. Maji ya mlizamu hushuka kwa uzito wake, lakini mafuta yatokayo Mombasa kwenda Nairobi hayana pa kushukia, kwani Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,600 na zaidi. Safu ya maji yenye kimo cha mita 10 hukandamiza kitako chake kwa nguvu sawa na hewa yote iliyo juu yetu. Basi mtu atakaye kuyapandisha maji mita 1,600 kwa bomba moja yampasa ayasukume kwa nguvu iliyo mara 160 ya nguvu ya hewa. Petroli ni nyepesi kuliko maji, uzito wake ni robo tatu hivi, kwa hiyo nguvu itakiwayo ni mara 120. Wala hesabu haijaisha. Mafuta yapitapo hujisugua na ukuta wa bomba, na msuguano ule hula nguvu kilometa baada ya kilometa, kama mto upunguzavyo mwendo wake ukiingia katika matete.

Ukitaka mtambo mmoja wa Mombasa ufanye kazi hiyo yote, hapana budi bomba liwe nene mno lisije likapasuka, na chuma kinene ni fedha nyingi. Ndiyo sababu bomba la kwanza la Mombasa hata Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, lenye kilometa 450 na kipenyo cha inchi 14, liliwekewa pampu Changamwe, Maungu, Mtito Andei na Sultan Hamud. Kila kituo hupokea mafuta yaliyopungukiwa nguvu na kuyasukuma mpaka kituo cha mbele. Mhandisi ndiye apimaye: je, ni heri bomba jembamba na vituo vingi, au bomba pana na vituo vichache? Bomba ambalo kipenyo chake ni mara mbili tundu lake ni mara nne, na msuguano hupungua sana. Lakini bei ya chuma, ya kulichukua na ya kulichimbia huongezeka. Mwanafunzi adhaniye kwamba hesabu za darasani hazina kazi na azifikiri kilometa 450.

Jambo jingine hustaajabisha wengi. Ndani ya bomba moja hupita petroli, dizeli na mafuta ya ndege, moja nyuma ya lingine, wala hapana ukuta kati yao. Mahali yakutanapo huchanganyika kidogo. Fundi aliye mwisho wa njia hupima uzito wa kila mafuta yajayo, na dakika ile ile aonapo uzito umebadilika hufunga koki moja na kufungua nyingine, mchanganyiko ukaenda katika tangi lake peke yake. Akichelewa, petroli yaweza kuingia katika tangi la mafuta ya ndege. Tena hawezi kufunga koki kwa pupa. Mafuta yaliyo katika bomba ni kama garimoshi refu liendalo. Ukilizuia kwa ghafla mabehewa ya nyuma huyagonga ya mbele. Pigo hilo lina nguvu ya kupasua chuma, kwa hiyo mhandisi hukadiria kila koki ifungwe kwa muda gani.

Mafuta ya Uganda yalileta taabu ya namna nyingine. Yaligunduliwa mwaka 2006 karibu na Ziwa Albert, nayo yana nta nyingi. Watu wa pwani wajua jinsi mafuta ya nazi yagandavyo katika chupa asubuhi ya baridi. Mafuta haya ya Uganda huganda hata katika joto ambalo sisi twaliona ni la kawaida. Mwaka 2016 Uganda ilichagua njia ya Tanga, na bomba likachorwa kutoka Hoima mpaka rasi ya Chongoleani: kilometa 1,443, nazo 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania. Kipenyo ni inchi 24, na kadiri yake ya juu ni mapipa 246,000 kwa siku. Lakini mafuta yakilala baridi njiani, mtu atakuwa na mshumaa wa kilometa elfu moja na mia nne! Kwa hiyo ilipangwa mafuta yasishuke chini ya joto la digrii 50 za Selsiasi. Huko Sojo, wilaya ya Nzega, kilijengwa kiwanda cha kuyavika mabomba povu gumu lizuialo joto lisitoke, kama mtu afunikavyo chungu cha uji kwa blanketi, na juu ya povu hilo ganda gumu. Pamoja na bomba huwekwa nyaya za umeme za kulipasha moto. Twaona hapa kwamba fundi wa umeme naye ni fundi wa bomba.

Kulilaza bomba ni kazi ya mikono mingi, na kila mkono hufuata mwingine kama wavunaji shambani. Wa kwanza ni wapima ardhi. Hao hutafuta njia ipitayo mbali na vijiji, mabwawa, makaburi na misitu, na isiyopanda milima bila sababu. Nyuma yao huja wenye kazi ngumu kuliko zote, ingawa hawashiki chuma: wale wahesabuo mashamba na miti na kuandika fidia. Bomba la Tanga lilihitaji njia yenye upana wa mita 30, na maelfu ya jamaa waliguswa. Wako waliosema walikatazwa kupanda mazao ya kudumu, kisha wakakaa miaka wakingoja fedha. Mwanakijiji ajuaye kusoma ana silaha hapo. Na aisome karatasi yote kabla ya kutia sahihi, ahesabu miembe yake mwenyewe, aandike na tarehe. Na kijana atakaye kazi hii ya kuandika fidia na ajue kwamba jina la bomba zima katika kijiji hutegemea yeye.

Baada yao hufuata mitambo ya kufyeka na kuchimba handaki. Mabomba hupangwa kando ya handaki, yale ya kupinda hupindwa yakiwa baridi kwa mtambo, kisha huja wachomeleaji. Tungependa kukaa kidogo kwa mafundi hawa. Mabomba ya mita 18 yakipangwa kwa kilometa 1,443, viungo vyake hupita 80,000, na kiungo kimoja kibaya chatosha kuwa msiba. Kiungo hakichomwi mara moja. Tabaka la kwanza huunganisha midomo miwili ya chuma, husafishwa, kisha tabaka la pili na la tatu, hata pengo lijae. Unyevu kidogo, upepo kidogo, mkono uliotetemeka, na kiputo cha hewa hubaki ndani ya chuma kisionekane kwa macho. Kwa ajili hiyo kuna mafundi wengine ambao kazi yao ni kuvitazama viungo kwa eksirei, kama daktari atazamavyo mfupa, au kwa sauti nyembamba isiyosikiwa na sikio. Mchomeleaji hupewa kwanza kipande cha kujaribiwa. Kikishindwa haingii kazini, hata awe na vyeti vya kujaza sanduku. Hapa ndipo tuonapo haki ambayo ni haba katika kazi nyingine: chuma hakimjui mtoto wa nani.

Viungo vikisha kukubaliwa hufunikwa, na matrekta yenye mikono ya winchi hulishusha bomba handakini polepole, yakiwa yamepangana kama tembo. Kisha hujazwa maji, si mafuta, na maji husukumwa kwa nguvu ipitayo ile ya kazi ya kila siku, yakaachwa hivyo kwa saa nyingi. Likiwa na udhaifu, heri lipasuke siku ile na kumwaga maji. Mwisho udongo hurudishwa, na mahali pa shamba huota majani tena.

Watu wengi hudhani kwamba kazi imeisha hapo, kumbe adui mkubwa ndiyo kwanza aanze. Adui huyo ni kutu. Chuma kilichozikwa katika udongo wenye unyevu hutoa umeme mdogo, na pale utokapo umeme huo ndipo chuma kilikapo. Dawa yake yatokana na maarifa ya mwaka 1824, wakati Mwingereza Humphry Davy alipoonyesha kwamba shaba ya ubavu wa jahazi hukaa salama ikiunganishwa na kipande cha zinki au cha chuma, kwani kile kipande ndicho kilikacho badala yake. Mabomba ya leo hulindwa kwa njia hiyo, au kwa kupelekewa umeme kidogo kutoka mtambo ulio kando, hata mkondo wa kutu ukashindwa. Kila baada ya masafa fulani kuna nguzo fupi yenye nyaya. Fundi hufika na kipimo chake, huandika tarakimu, huenda nguzo ya pili. Ni kazi ya kimya. Lakini asipoifanya kwa uaminifu, akaandika tarakimu za uongo kivulini, bomba halitamshtaki leo wala kesho, litangoja.

Kuna na chombo kiitwacho pigi, jina lililotokana na neno la Kiingereza la nguruwe, nasi hatujui mnyama mwingine aliyeheshimiwa hivyo na mafundi. Pigi husukumwa na mafuta yenyewe ndani ya bomba. Yuko wa kusugua nta na uchafu, na yuko mwenye sumaku na vipimo, ambaye huandika mahali pote palipoliwa na kutu au kubonyezwa. Atokapo upande wa pili, mafundi huisoma habari yake na kujua pa kufukua.

Hatari ya kazi hii si hadithi. Tarehe 12 Septemba 2011, katika mtaa wa Sinai mjini Nairobi, petroli ilitoka katika mabomba ikaingia mtaro wa maji ya mvua uliopita katikati ya nyumba. Watu maskini walitoka na ndoo na madumu kuiteka. Moto ukashika, na zaidi ya watu 100 wakafa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kujaa katika mashimo na mitaro, na cheche iliyo mbali yatosha kuuwasha. Bomba likivuja karibu nawe usiteke hata kikombe kimoja. Zima jiko, usiwashe pikipiki wala taa, usitumie simu hapo ulipo. Nenda kule upepo utokako, na ukiwa mbali ndipo utoe habari.

Sasa, je, kijana aanzie wapi? Twasema kwanza jambo ambalo wengi hawalisemi. Bomba linapojengwa huajiri maelfu. Likiisha kujengwa hubaki mamia. Kwa hiyo kijana asijifunze bomba tu, ajifunze ufundi ambao bomba ni mmojawapo wa waajiri wake. Mchomeleaji hodari ataitwa na viwanda, madaraja na meli. Fundi wa umeme na wa pampu watatakiwa na kila mji wenye maji ya mfereji. Mpima ardhi hakosi kazi.

Atakaye uhandisi na ashike sana hesabu, fizikia na kemia tangu shule ya sekondari, kisha aende chuo kikuu asomee uhandisi wa mitambo, wa ujenzi, wa umeme, wa kemia au wa petroli; yote hayo yana mlango wa kuingilia katika kazi hii. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmoja wa mahali hapo. Katika Tanzania mhandisi huandikwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na asiyeandikwa haruhusiwi kufanya kazi kwa jina hilo. Atakaye ufundi wa mkono ana vyuo vya VETA. Uganda kuna chuo cha petroli cha Kigumba. Kenya kuna chuo cha Morendat, karibu na Naivasha, ambacho kilianzishwa kwa ajili ya elimu ya mabomba hasa. Wasichana wasidhani kwamba mlango ni wa wanaume. Kiungo kilichopigwa eksirei hakisemi kilichomwa na nani, na chumba cha kuongoza mitambo, ambamo mtu hukaa saa nyingi akitazama vipimo, kinataka uangalifu wala si mabega.

Iko na kazi moja ambayo haitaki chuo, nayo mara nyingi hupewa watu wa vijiji vilivyo kando ya njia. Ni ya yule atembeaye juu ya bomba. Hutoka asubuhi na fimbo, daftari na simu, hupita sehemu yake, kisha hurudi. Aangalia kama mkulima amekata mtaro mpya karibu na alama, kama mvua imekula udongo ukingoni mwa mto, kama mtu amechimba usiku. Aangalia majani yaliyonyauka mahali ambapo mengine ni mabichi, na rangi za upinde wa mvua juu ya dimbwi. Hunusa. Mashine za kituo huhesabu mafuta yaliyoingia na yaliyotoka, nazo huliona tundu kubwa upesi. Lakini tundu dogo kama la sindano, litoalo matone usiku kucha, mara nyingi huonwa kwanza na macho yake.